Siku Tulipoulizwa Mbele ya Watu

Mahakama ya kwanza iliyonihukumu maishani ilinuka oili chafu na mkojo wa popo. Oili ilipakwa kwenye mbao za kuta ili mchwa wasizile, na popo walikuwa wameishi darini miaka mingi hata ikawa hakuna anayefikiria kuwafukuza. Jua lilipochoma mabati, harufu hizo mbili zilishuka pamoja zikatukalia vichwani, na watu wazima waliokuwa wamebanana kwenye mabenchi wakajipepea kwa kofia na kwa ncha za leso. Mpaka leo fundi wa magari akimwaga oili karibu nami, hunyanyuka nikaondoka, wala si kwa huzuni. Ni kwa hasira. Watu wa dini wameniambia mara nyingi kwamba hasira ya muda mrefu namna hii ni mzigo. Ni kweli, ni mzigo, na mabega yangu yameshauzoea.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na katika shauri lile mimi sikuwa shahidi wala mtazamaji. Mimi na kaka yangu Ramadhani, aliyenizidi miaka miwili, ndio tuliokuwa tukigombewa. Upande mmoja alisimama mama yetu, Zaina, Mnubi mzaliwa wa Kibigori, fundi cherehani wa mtaa wa Sofia mjini Busia. Upande wa pili alisimama baba mkubwa Wandera, kaka wa marehemu baba, mkulima wa Rukala kule Budalang'i, mzee mrefu wa mabega mapana aliyetembea na fimbo ya mti mweusi ingawa miguu yake haikuwa na kasoro yoyote. Husemwa kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa nyasi zenye masikio, na tulisikia kila neno.

Baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Alizaliwa Rukala akabatizwa huko, kisha alipotaka kumwoa mama akasilimu na kuitwa Juma. Nyumbani kwetu Busia alikuwa Juma, msikitini alikuwa Juma, lakini ndugu zake walipokuja na vikapu vya samaki wakavu walimwita jina lake la zamani, naye aliitika yote mawili bila taabu. Hata sisi tulikuwa na majina mawili mawili. Mimi nilikuwa Mariamu, na huko Rukala nilikuwa Nabwire. Kaka yangu alikuwa Ramadhani, na huko alikuwa Okumu. Baba alipokuwa hai, jambo hilo lilikuwa mchezo tu. Kisha lori lake likapinduka kwenye barabara ya Malaba msimu wa mvua, pamba ikatapakaa matopeni, na baba akaletwa Busia akiwa amefunikwa turubai. Waislamu hawamchelewishi maiti. Aliswaliwa akazikwa jioni ileile, na ndugu zake walipofika kesho yake kwa basi la kutoka Port Victoria walikuta kaburi limeshafukiwa.

Baba mkubwa alikataa kuingia ndani. Alisimama barazani, viatu vyake vimejaa vumbi, akamtazama mama, akasema, “Umezika ndugu yangu kama mtu hana kwao. Hata uso wake sikuona.” Mama alijaribu kumweleza habari za sheria ya dini, lakini mzee alikuwa ameshageuka. Nikiwa mtu mzima nimewahi kukiri moyoni kwamba siku ile alidhulumiwa. Mtu kunyimwa uso wa ndugu yake si jambo dogo. Lakini deni lile alilitafutia malipo mahali pasipo pake.

Eda ya mama ilipokwisha alirudi, safari hii amevaa koti. Alikaa, akanywa chai, akasema polepole kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. “Mama Ramadhani, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuchukua watu wetu.”

“Watu wenu ni akina nani, shemeji?”

“Hawa watoto. Na wewe pia, kama unataka. Nyumba yako itajengwa pale kwangu. Hiyo ndiyo desturi, mjane hatupwi.”

“Mimi sijatupwa. Nina cherehani yangu na nina Mola wangu. Na watoto hawaendi mahali.”

“Mkataa kwao ni mtumwa,” alisema baba mkubwa, akimtazama Ramadhani, si mama. Kisha akasimama. “Basi tutaonana kwa korti.”

Mama hakungoja kuitwa. Alitushika mikono akatupeleka Kisumu kwa kadhi, kwa sababu aliamini kwamba mambo ya ndoa na watoto na mirathi ya Mwislamu yana hakimu wake, na kwamba akishasema yeye, hakuna mwingine wa kusema. Kadhi alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza, na mama alipomaliza alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, kama mtu aliyefika nyumbani. Kadhi akauliza swali moja tu: “Huyo shemeji yako anasali wapi?”

“Kanisani.”

“Basi, binti yangu, siwezi kumhukumu. Katiba ya nchi imenipa mambo ya Waislamu, lakini imesema pande zote mbili ziwe za Waislamu. Yeye si Mwislamu. Nikimwita hatakuja, na nikiandika hukumu haitamfunga.”

“Lakini mimi ni Mwislamu. Marehemu alikuwa Mwislamu. Watoto ni Waislamu.”

“Na yeye je?”

Mama akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kadhi akamweleza kwa utaratibu jinsi nchi ilivyojipanga. Chini kabisa kulikuwa na mahakama za Kiafrika, ambako wazee huamua kwa mila za mahali. Mtu asiporidhika hukata rufaa, na rufaa hiyo ilikuwa na njia yake yenyewe, ikipitia kwa wazee wengine na kwa maofisa wa serikali. Kando yao walikuwapo mahakimu wenye kusomea sheria, na juu ya mahakimu hao ilikuwapo Mahakama Kuu, na juu yake Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mama alimsikiliza akitikisa kichwa. Nakumbuka alichouliza mwishoni, kwa sababu hata kadhi aliinamisha uso: “Kumbe ni nyingi hivyo, na hakuna iliyo yangu?” Tulirudi Busia kwa basi. Mama alinunua njugu akasahau kutugawia.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta chini ya wale popo. Wazee wa mahakama walikuwa wanne, na mkubwa wao aliitwa rais, cheo kilichonishangaza kwa kuwa nilidhani nchi ina rais mmoja tu. Hakukuwa na wakili. Mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama za Kiafrika. Kila mtu alijisemea. Lakini baba mkubwa alijisemea kwa lugha ya nyumbani kwake, mbele ya wazee waliocheka kwa mafumbo yake, na mmoja wao, jambo lililojulikana na kila mtu ukumbini, alikuwa ameoa katika ukoo wake. Mama alisema Kiswahili, karani akamtafsiria. Mama akisema sentensi kumi, karani anatoa mbili. Kesi ya ngedere ukimpelekea nyani, usingoje haki. Mama aliliona hilo mapema kuliko sisi, nikamwona anavyokaza leso kiunoni.

Rais wa korti alimuuliza, “Huyu mume alikutolea mali?”

“Alitoa mahari. Hakutoa ng'ombe.”

“Hiyo mahari alitoa wapi?”

Baba mkubwa akainuka kabla hajaruhusiwa. “Aliuza ng'ombe ya baba yetu. Mimi mwenyewe ndio nilipeleka sokoni.”

Wazee wakatikisa vichwa kwa pamoja. Ilitosha. Mali ya ukoo imetoka, kwa hiyo watoto ni wa ukoo. Na kwa kuwa mjane amekataa kuolewa na shemeji yake, arudi kwao au akae atakapo, lakini watoto wakabidhiwe. Walikwenda kunong'ona nyuma ya pazia kwa muda mfupi sana, wakarudi na hukumu hiyo. Karani alituita mbele kwa majina ya Rukala. “Okumu. Nabwire.” Mama akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje, “Hapa hakuna mtoto anaitwa hivyo. Waiteni kwa majina niliyowapa mimi.” Rais akamwonya kwamba neno moja zaidi lingemlaza mahabusu. Mama akalisema hilo neno moja. Alisema, “Wezi.” Askari kanga wawili, wale polisi wa utawala, wakamshika, na mwingine akatusogeza sisi kwa baba mkubwa, aliyetupokea kwa utulivu kabisa, fimbo kwapani, mkono mmoja juu ya bega la kila mmoja wetu. Mkono wake ulikuwa mzito na mkavu. Sikuweza kumuaga mama. Nilimsikia tu.

Rukala tulikaa msimu mzima wa mvua na zaidi. Nisiwadanganye wasomaji kwamba tulilala njaa au kupigwa kila siku, maana hatukupigwa kila siku. Palikuwa na ugali wa wimbi na mtama, palikuwa na samaki wengi kuliko tulivyowahi kuona Busia, na mashamba yalikuwa meusi na laini kama keki. Lakini mimi nilikuwa nimetangaza vita. Nilipoitwa Nabwire sikuitika. Mke wa baba mkubwa, mama mkubwa Anyango, alikuwa na ulimi mkali, akaniambia, “Kichwa chako ni kama cha mama yako. Utakula kwa jina gani?” Nikakaa bila kula mpaka binti yake mdogo akaniletea kiazi kwa siri, nikakila nyuma ya ghala nikiwachukia wote, hata yeye. Jumapili tulipelekwa kanisani. Nilikaa pale nimefumba midomo, na wimbo ulipoanza nilisoma Alhamdu moyoni kwa kasi ili isichanganyike na sauti zao.

Ramadhani hakupigana. Hapo ndipo penye uchungu wangu, na nimeuzunguka miaka yote hii bila kupata pa kuushika. Baba mkubwa hakuwa na mtoto wa kiume. Asubuhi moja alimchukua kaka yangu akamtembeza mpaka kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo juu ya tambarare, akachomeka fimbo yake chini, akamwambia, “Hapa maji ya mto Nzoia haifiki. Hapa ndipo utajenga.” Nilikuwa nimewafuata na debe la maji kichwani. Nilimwona Ramadhani anavyopiga udongo kwa kisigino, taratibu, kama anayejaribu godoro. Mjini Busia tulikodi chumba kimoja. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aonyeshwe nchi aambiwe ni yake, atasema nini? Tangu siku ile alianza kwenda kuvua na baba mkubwa, akarudi ananuka tope, akanieleza habari za nyavu. Mimi sikumjibu.

Mto ulipofurika mwaka ule, nyuzi za maji ziliingia kwanza jikoni zikazima moto bila kelele. Kufika jioni tulikuwa tumehamia kwenye darasa la shule lililokuwa mahali pa juu, sisi na kuku na familia nyingine. Ni wakati huo mama alipokuja. Alikuwa ametembea kwenye maji yaliyofika magotini kutoka mahali basi lilipokwama, viatu vyake ameviweka kichwani pamoja na kifurushi cha nguo zetu. Baba mkubwa alimkuta mlangoni pa darasa. Hakumtukana. Alisema, “Korti imesema. Nenda ukakate rufaa,” akapokea kile kifurushi, akasimama mlangoni mpaka mama alipogeuka. Nilipiga kelele nikashikwa. Ramadhani alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, anatazama ubao mtupu.

Rufaa mama alikuwa ameshaikata. Jambo ambalo hakulijua, wala hakuna aliyehangaika kumwambia, ni kwamba wakati shauri lake limelala kwenye kabati, serikali ilizifuta zile mahakama za Kiafrika. Wazee wakapelekwa nyumbani, mahali pao wakakaa mahakimu wa wilaya, na ile njia ya zamani ya rufaa ikafa. Nchi sasa ingekuwa na safu moja ya mahakama kwa watu wote, kuanzia hakimu wa chini mpaka Mahakama Kuu. Ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Lakini mama alikwenda kwenye dirisha la karani mara nyingi, kila mara akiambiwa arudi, mpaka karani mmoja akamwambia, “Mama, ngazi uliyokuwa unapanda imeondolewa. Sasa uanze na ile ingine.” Mama alinisimulia baadaye kwamba alimuuliza, “Na watoto wangu mmewaacha kwenye ipi?”

Hatimaye kesi yake ilisikizwa na hakimu mkazi aliyekuja kutoka Kakamega, kijana Mwafrika aliyevaa suti ya kijivu, mwenye sauti ya upole. Ukumbi ulikuwa mwingine, safi, umepakwa chokaa. Huyu hakutaka habari za ng'ombe. Alisoma karatasi, akamsikiliza mama kwa Kiswahili bila mkalimani, akamsikiliza baba mkubwa, kisha akasema kwamba katika sheria anayoifuata yeye linalotangulia ni manufaa ya watoto, na kwamba angependa kujua watoto wenyewe wanataka nini. Niliona uso wa mama unavyonawiri. Nilimpenda yule hakimu kwa muda wa pumzi moja.

Kisha akatuita tusimame mbele, palepale, katikati ya watu wote. Mama alikuwa kushoto. Baba mkubwa alikuwa kulia, benchi la kwanza, karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa goti lake. Nyuma walijaa watu wa ukoo waliokuja kwa lori, na watu wa Sofia waliokuja na mama.

“Msiogope,” hakimu alisema. “Wewe msichana, unataka kukaa na nani?”

“Na mama.”

“Vizuri. Na wewe?”

Ramadhani alitazama chini. Fimbo ya baba mkubwa iliteleza kidogo sakafuni, ikakwaruza, ikatulia. “Kwa baba mkubwa,” kaka yangu alisema.

“Sema kwa sauti.”

“Kwa baba mkubwa. Rukala.”

Hukumu ikawa fupi. Mimi nirudi kwa mama, mvulana abaki kwa amu yake kwa hiari yake mwenyewe, na kila upande uwe na ruhusa ya kutembelea. Hakimu alionekana ameridhika. Kila mmoja amepata chake. Mama hakulia wala hakutukana mtu safari hii. Alimwendea Ramadhani, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akanishika mkono tukatoka. Huko nje baba mkubwa alitupita bila kutusemesha. Sikumwona akiangalia nyuma kunitafuta. Alikuwa ameshapata alichokifuata tangu mwanzo.

Mama hakukubali. Alikwenda Kisumu kwenye Mahakama Kuu, akasimama mbele ya meza ya karani na kanga yake nzuri, akaambiwa kwamba muda wa kukata rufaa umeshapita, na kwamba hata ungekuwapo ingebidi awe na sababu za kisheria, maana hakimu hakukosea: mtoto aliulizwa akajibu. Tulihama Busia tukaenda kukaa Malaba, kwa kuwa watu wa Rukala huja soko la Busia na mama hakutaka kukutana na mwanawe kati ya mafungu ya samaki akaamkiwa shikamoo kama mama wa mtu mwingine. Alishona pale karibu na reli mpaka macho yakamwisha. Ramadhani alikuja kututembelea, mara ya kwanza akiwa na ndevu. Aliitwa Okumu kwa kila mtu kufikia wakati huo, na mama alimpakulia chakula kama anavyopakuliwa mgeni, akimwekea minofu.

Tulipokuwa wazee wawili, mimi na yeye, nilimuuliza kwa nini alisema vile. Tulikuwa tumekaa mbele ya duka langu, malori yamepanga foleni kuelekea Uganda. Nilitegemea anitajie ile ardhi. Alicheka bila furaha. “Wewe uliulizwa ukasema mama, ni sawa. Wewe ulikuwa msichana, hakuna mtu alikuwa anakutaka sana. Mimi mzee alikuwa ameniambia asubuhi kwa lori, ukisema mama, nitakuchukua barabarani, na yeye hatakuona tena. Sasa huyo hakimu ananiuliza, na mzee yuko hapo, nasikia hata akipumua. Ningesema nini?” Kisha akaongeza, “Na ardhi pia nilitaka. Siwezi kukudanganya.”

Siku hizi nchi ina katiba mpya, na safu za mahakama zimepangwa upya kutoka ya chini mpaka Mahakama ya Juu kule Nairobi. Makadhi wamo, mahakama za watoto zimo, na wajukuu zangu wanazichora daftarini kwa mistari na visanduku, wanazikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu wa Malaba, mjane kijana, kortini Busia, shemeji zake wanamdai mtoto. Ni maneno yaleyale, na nusura nicheke. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alisikiliza wakubwa, kisha akasema atazungumza na mtoto peke yake. Akainuka, akamshika mvulana mkono, wakaingia chumba cha pembeni na mlango ukafungwa. Shemeji mmoja alitaka kufuata, askari akamwambia akae.

Watu walinisimulia baadaye kwamba walidhani nimezidiwa na joto. Nilipaswa kushukuru. Jirani yangu alikuwa amenishika mkono, anaomba kwa midomo, na kila dalili ilionyesha atashinda. Lakini mimi nilikuwa nautazama ule mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, wenye kitasa. Ukumbi wa yule hakimu kijana wa suti ya kijivu nao ulikuwa na chumba cha pembeni. Nakumbuka karani akiingia na kutoka na mafaili. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka, nikapanda gari la kurudi Malaba kabla hukumu haijasomwa.